Karatasi ya majibu ya mkojo ina plas plas kila mahali, inamaanisha nini? Mwongozo kamili hatua kwa hatua

Unaenda kupima, unakojoa kwenye kikopo, nusu saa baadae unapewa kikaratasi kimeandikwa vifupisho na alama za plas (+), alafu mtu wa dirishani anakwambia una UTI, yani maambukizi ya njia ya mkojo, kachukue dawa pale. Kesho kutwa unaenda kwingine wanakwambia huna kitu, au una UTI sugu, na hapo ushameza sipro na azuma na sindano za jenta juu, zote antibayotiki. Hii hali iko Dar, iko Mwanza, iko Mombasa, watu wanatibiwa karatasi badala ya ugonjwa. Kwahiyo huu mwongozo ni wa kukusaidia uisome hiyo karatasi mwenyewe, ujue kipi cha kukimbilia hospitali leo leo na kipi hakina maana yoyote. Haukufanyi daktari, ila utaacha kukubali kila unachoambiwa bila kuuliza swali.

Msimamo wangu nauweka hapa mapema: hakuna mstari mmoja kwenye majibu ya mkojo unaotosha peke yake kusema unaumwa. Majibu yanasomwa pamoja na dalili zako na jinsi mkojo ulivyochukuliwa. Ukikosa kimoja kati ya hivyo unabahatisha.

HATUA YA 1: Kabla hujasoma chochote, jiulize mkojo ulichukuliwaje

Watu wanairuka hii na ndio inayoharibu majibu kuliko zote. Mkojo sahihi ni wa katikati, yani unajisafisha kwanza kwa maji, unaanza kukojoa chooni kidogo, katikati ndio unakinga kikopo, unatoa, unamalizia chooni. Dada zetu wanatakiwa watenganishe mashavu ya uke wakati wa kukojoa, asiyetahiriwa avute ngozi nyuma. Ukikinga wa mwanzo unachukua uchafu wote wa njiani, seli za ngozi, ute, bakteria wa kawaida wanaoishi pale nje, na vyote vinaenda kusomeka kama ugonjwa.

Ukiwa hedhi mwambie mtu wa maabara, au subiri iishe kama haina haraka, maana damu itaonekana na protini inaweza kuonekana pia. Na mkojo ukae muda mfupi tu kabla ya kupimwa, ndani ya saa 1 ni vizuri, zikizidi 2 bila friji bakteria wanazaana humo humo kwenye kikopo na chembe zinavunjika. Sasa wewe unakojoa nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, unapanda daladala mbili, unafika maabara saa tatu, hayo majibu yatakuwa ya nini?

Kitu kingine ni vijiti vyenyewe vya kupimia. Kopo la stripu likiachwa wazi, hewa na unyevu vinaziharibu na zinaweza kusoma naitraiti (alama ya bakteria, tutaiona hatua ya 3) wakati haipo. Ukiona kopo liko wazi mezani asubuhi yote una haki ya kuwa na mashaka.

HATUA YA 2: Rangi na muonekano

Usitumie muda mwingi hapa ila usipuuze. Njano iliyokolea sana mara nyingi ni maji hujanywa. Njano inayong'aa kabisa ni multivitamini, ile vitamini B2. Rangi ya chungwa mpaka nyekundu kwa mtu anayetumia dawa za TB ni rifampisini, ni kawaida, usiache dozi kwa sababu hiyo. Ukila bitiruti mkojo unaweza kutoka mwekundu. Mkojo mweusi mweusi kama chai ya rangi ndio unanishtua: inaweza kuwa nyongo (ini), inaweza kuwa damu kutoka kwenye figo, na kwa mtu mwenye malaria kali au selimundu inaweza kuwa chembe nyekundu za damu zimepasuka kwa wingi mwilini. Huo hausubiri jumatatu.

Mkojo wenye ukungu watu wanaruka moja kwa moja kwenye usaha, lakini hata mkojo uliokaa kwenye friji unapata ukungu kwa chumvichumvi kuganda. Kwahiyo ukungu peke yake haukwambii kitu.

HATUA YA 3: Vifupisho vya stripu

Karatasi nyingi zina vifupisho 10 hivi: LEU, NIT, PRO, GLU, KET, BLD, BIL, URO, SG na pH. Twende, ila sitavipa uzito sawa maana havilingani.

LEU na NIT ndio vinaleta kesi nyingi za UTI. LEU ni ishara ya chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Zikiwepo kuna uchokozi mahali, ila hazikwambii ni wapi wala ni nini. Ute wa ukeni ukiingia kwenye kikopo, LEU inapanda. Kisonono na klamidia zinaipandisha, mawe yanaipandisha, TB ya figo inaipandisha pia alafu ukiotesha mkojo (kukuza bakteria maabara) kwa njia ya kawaida haioti kitu. NIT ni hadithi nyingine: bakteria wa jamii ya E. koli, ambao ndio wasababishi wakubwa wa UTI, wanabadilisha naitreti iliyopo kwenye mkojo kuwa naitraiti. NIT ikiwa chanya kwenye mkojo uliochukuliwa vizuri na stripu nzima, na mtu anasikia kuungua, hapo UTI ina uwezekano mkubwa. Lakini NIT hasi haikutoi kwenye UTI, sababu kuna bakteria hawaitengenezi, na hata hao wanaoitengeneza wanahitaji mkojo ukae kibofuni kama saa 4. Mwenye UTI anakojoa kila dakika ishirini, hiyo naitraiti itapata wapi muda? Ndio maana mkojo wa kwanza wa asubuhi unapendwa.

PRO, yani protini, kwangu mimi hii ndio yenye uzito kuliko zote na ndio inayopuuzwa maana haiungui wala haiwashi. Figo nzima haipitishi protini ya maana. Plas 1 ni kama miligramu 30 kwa desilita, plas 2 kama 100, plas 3 kama 300. Inaweza kutokea kwa muda tu ukiwa na homa, ukitoka mazoezi makali, au vijana wengine wakisimama muda mrefu, inakuja na kupotea. Kwahiyo ukiona mara moja usilie, rudia baada ya wiki moja mbili ukiwa mzima, na safari hii peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ikirudi tena, hapo ni presha, kisukari, VVU, selimundu au ugonjwa wa figo wenyewe, na hatua inayofuata ni kupima presha, sukari, kreatinini ya damu (kipimo cha kazi ya figo) na uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo. Sio antibayotiki! Nimeona watu wanapewa dozi ya UTI kwa sababu ya protini plas 2, huku miguu imevimba.

Mwenye kisukari ajue kitu kimoja, stripu ya kawaida haioni protini ndogo ndogo za mwanzo, kwahiyo PRO hasi haimaanishi figo zako salama. Kuna kipimo maalumu cha albumini ndogo kwenye mkojo, kiombe kila mwaka.

Mama mjamzito, aya hii ni yako. Ukishafika wiki 20 na kuendelea, protini hata plas 1 tu lazima upimwe presha hapo hapo kabla hujaondoka kliniki. Presha ikiwa 140/90 au zaidi pamoja na protini, hiyo ndio hali inayoelekea kifafa cha mimba. Ukiwa na kichwa kinachogonga, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia au chini ya chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba ghafla, nenda hospitali kubwa usiku huo huo, usisubiri tarehe ya kliniki na usimsikilize shoga anayekwambia kuvimba ni kawaida ya mimba ya mtoto wa kiume.

GLU ni sukari. Kwa kawaida figo zinairudisha sukari yote kwenye damu mpaka damu ifike kama miligramu 180 kwa desilita, yani milimoli 10 kwa lita, hapo ndio inaanza kumwagika kwenye mkojo. Kwahiyo GLU plas ni sababu ya kupima sukari ya damu siku hiyo, sio sababu ya kuambiwa una kisukari. Wajawazito wengine wanamwaga sukari kidogo bila kuwa na kisukari sababu figo zao zimeshusha kile kiwango, ila bado wapimwe. Na kuna dawa za kisukari, dapaglifozini na empaglifozini, kazi yake hasa ni kutoa sukari kwa njia ya mkojo, anayezitumia atakuwa na GLU ya plas nyingi kila siku na ni sawa. Upande wa pili, GLU hasi haimaanishi huna kisukari, unaweza kuwa nacho na sukari haijafika 180.

KET ni ketoni, mwili unachoma mafuta badala ya sukari. Aliyefunga, anayetapika sana, mjamzito wa miezi ya mwanzo asiyeshika chakula, anayefanya ile dayati ya kuacha wanga, wote wanaweza kuwa nazo. Hatari iko hapa: KET nyingi pamoja na GLU nyingi, na mtu anahema haraka, anatapika, amechoka, tumbo linauma. Hiyo ni dharura ya kisukari, kimbiza hospitali.

BLD ni damu, kwenye karatasi nyingine wanaandika ERY. Kama sio hedhi na sio mazoezi makali, itafutiwe sababu. Nitairudia chini. Jua tu kwamba stripu inaweza kusema damu ipo na hadubini ikasema hakuna chembe nyekundu, hapo inaweza kuwa chembe zimepasuka zikabaki na ile rangi yake tu, au msuli umeumia vibaya ukamwaga vitu vyake kwenye damu, mfano mtu aliyepigwa sana au kufukiwa na kifusi. Na vitamini C ya vidonge vikubwa inaweza kuficha damu, sukari na naitraiti zisionekane kabisa, kwahiyo acha kuimeza siku moja mbili kabla ya kipimo.

BIL ni bilirubini, rangi ya nyongo, kwa kawaida haitakiwi kuonekana. Ikiwepo ni ini au njia ya nyongo imeziba, angalia macho kama yana manjano. URO, yani urobilinojeni inayotokana na hiyo bilirubini, ni tofauti, kidogo ni kawaida kabisa, miligramu 0.2 mpaka 1 kwa desilita ni sawa, watu wanaogopa wakiona tu imeandikwa. Ikizidi ni ini au chembe za damu zinavunjika, mfano malaria na selimundu.

SG ni uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, 1.005 mpaka 1.030. Juu ni maji hujanywa, chini umekunywa mengi, na mkojo mwepesi kama maji unaweza kuficha matatizo mengine yote, kwahiyo usinywe lita mbili nje ya maabara ili ukojoe fasta. pH ni kipimo cha asidi, inacheza kati ya 4.5 na 8 kutegemea umekula nini, peke yake haina habari.

HATUA YA 4: Kilichoonekana kwenye hadubini

Hapa anza na mstari ambao hakuna anayeusoma: seli za epithelia, wanaandika epith cells. Hizi ni seli za ngozi ya nje na ya uke. Zikiwa nyingi, plas 2 plas 3, basi kikopo kilichukua vitu vya nje na kila kilichoandikwa chini yake kina mashaka, pus cells zake, bakteria zake, fangasi zake. Jibu sahihi hapo ni kukojoa tena vizuri, sio kumeza dawa.

Pus cells ni zile zile chembe nyeupe, sasa zimehesabiwa. Mpaka 5 kwa kila uwanja wa hadubini ni kawaida. Kwahiyo ukiandikiwa 2-4 alafu ukaambiwa ni UTI ndogo inaanza, hakuna kitu kama hicho, hiyo ni kawaida. Zikiwa 10, 20, au uwanja umejaa, na epithelia chache, na unaungua au unakwenda haja ndogo mara kwa mara, hapo sawa.

Chembe nyekundu zikizidi 3 ni damu. Kwa mtu mwenye maumivu makali ya ubavuni yanayoshuka mpaka kinenani, fikiria mawe. Mwenye kuungua, fikiria maambukizi. Lakini mtu wa miaka 40 na kuendelea, hasa mvutaji sigara, akikojoa damu isiyouma, huyo anahitaji altrasaundi na kuangaliwa kibofu kwa kamera, saratani haisubiri mpaka iume.

Sasa kwetu kuna jambo la kichocho. Kama umekulia au umeogelea kwenye mito, mabwawa na majaruba ya Kanda ya Ziwa, Unguja, Pemba, au kule Kwale, Kilifi na Tana River, na mkojo unamalizia na damu mwishoni, tafuta mayai ya kichocho. Yai lake lina mwiba mwishoni na mtu wa maabara akiliona halikosei. Tatizo ni muda, mayai yanatoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwahiyo hapa mkojo wa alfajiri sio mzuri. Ruka ruka kidogo au panda ngazi kabla, na kwa kichocho peleka matone ya mwisho ya mkojo, sio ya katikati, maana mayai yanakaa chini kibofuni. Dawa ni prazikwanteli, unapimiwa kwa uzito, na ukikiacha miaka kinaharibu kibofu na figo na kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake kinashambulia hata shingo ya uzazi na watu wanadhani ni magonjwa ya zinaa. Kile cha tumbo chenyewe kinatafutwa kwenye choo kikubwa, usikichanganye.

Vingine kwa haraka. Yeast ni fangasi, kwa wanawake mara nyingi zimetoka ukeni, zikirudi rudi kapime sukari. T. vaginalis ni trikomonasi, ya zinaa, mtibiwe wote wawili la sivyo mnarudishiana tu. Fuwele za kalsiamu oksaleti ni kawaida kuonekana kwa mtu asiyekunywa maji au aliyekula mchicha na karanga sana, hazimaanishi una mawe. Mbegu za kiume zikiandikwa kwenye majibu usishtuke na usianze ugomvi nyumbani, kwa mwanaume aliyefanya tendo jana yake hilo ni la kawaida.

Kasti ni vijibomba vilivyotengenezwa ndani ya mirija ya figo. Zile angavu zisizo na kitu ndani (hyaline) kwa kawaida hazina shida, ila zenye chembe nyekundu zinasema figo yenyewe imevimba. Hii inaonekana kwa watoto wiki 1 mpaka 3 hivi baada ya koo kuuma, au wiki 3 mpaka 6 baada ya vidonda vya ngozi, mtoto anaamka uso umevimba, mkojo mweusi na mchache, presha juu. Mzazi anampa maji mengi akidhani atakojoa, kumbe anamzidishia. Huyo hospitali siku hiyo hiyo.

HATUA YA 5: Unganisha picha

Dada wa miaka 25, pus cells 8-10, epithelia plas 3, NIT hasi, haungui ila anawashwa na ana ute mweupe: hiyo sio UTI, angaliwe uke. Mwingine pus cells nyingi, epithelia chache, NIT chanya, anaungua: UTI, atibiwe. Huyo huyo akiongeza homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya kiunoni upande mmoja, maambukizi yamepanda kwenye figo na vidonge vya dirishani havitoshi.

Mwanaume mwenye pus cells nyingi asikubali kuitwa UTI haraka haraka, kwa kijana ulizia kisonono na klamidia kwanza, kwa mzee ulizia tezi dume na kama mkojo unabaki kibofuni. Mtoto mdogo mwenye homa isiyoeleweka, malaria hasi, apimwe mkojo kweli, ila wa kwenye mfuko uliobandikwa unadanganya sana.

Na bibi wa miaka 75 ambaye hana dalili yoyote, kapimwa tu, bakteria wapo? Aachwe. Mwenye mpira wa mkojo pia. Bakteria bila dalili hawatibiwi kwa watu wengi, mjamzito ndio anayetibiwa hata asiposikia kitu, sababu kwake wanapanda figoni kirahisi.

HATUA YA 6: Ukiambiwa UTI sugu, omba kuotesha

UTI ikirudi ndani ya wiki chache, au dozi imeisha bado unaungua, usikubali dawa ya tatu kwa kubahatisha. Mwambie daktari, naomba mkojo uoteshwe tujue ni bakteria gani na dawa gani inamuua. Majibu yanachukua kama siku 2 mpaka 3. Mkojo utoe kabla hujameza antibayotiki, kikopo kiwe kile kilichofungwa kutoka maabara. Wakiandika bakteria wa aina moja 100,000 au zaidi kwa mililita na una dalili, huyo ndio mwenyewe. Wakiandika mchanganyiko wa bakteria, ni uchafu, rudia. Kwenye orodha ya dawa S maana yake inamuua, R imeshindwa, na ukiona R nyingi usimlaumu daktari, ndio matokeo ya zile dozi za nusu nusu tunazonunua. Madafu na maji kunywa tu, yanakusaidia kukojoa, ila hayaui E. koli.

Ukimaliza dozi na dalili zimeisha huna haja ya kupima tena ili kuona pus cells zimebaki ngapi, hapo ndio watu wanaanzishiwa dawa upya bila sababu. Wa kurudi kupimwa ni mjamzito, na yeyote ambaye karatasi yake ilikuwa na damu au protini, hawa warudie hata kama wanajisikia wazima kabisa. Ile karatasi ipige picha uweke kwenye simu, daktari wa mwakani atataka kujua protini yako ilikuwa plas ngapi mwaka huu.